Mdundo Haupigwi Pasi

Mimi ni mtu wa pasi. Nguo ikishashonwa dukani kwetu huja mezani kwangu. Naweka vifungo, nakata nyuzi, nanyoosha, nakunja, na mteja akija namkabidhi huku nikimwangalia usoni nijue kama kazi imempendeza. Riziki yangu ni kuondoa mikunjo. Sasa fikiria mwenyewe, mtu kama mimi na mtu kama wifi yangu tungeelewana vipi.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, na mtaani wanamwita Kombo. Jina hilo alipewa zamani na vijana wa hip-hop kwa sababu kila mdundo aliowatengenezea ulikwenda kombo. Ulianza vizuri, ukatembea kama watu, halafu ukajikwaa kidogo kama mtu aliyekosea ngazi, kisha ukaendelea na safari kana kwamba hakuna aliyeona. Mwingine angenuna. Yeye alichukua chaki ya kupimia nguo, akaliandika jina hilo juu ya mlango wa stoo yake, na likabaki hapo.

Mchana ni fundi wa nguo, tena si fundi wa kubahatisha. Kola zake zinakaa shingoni zenyewe bila kubembelezwa. Hukaa dirishani na cherehani chake cha umeme. Katikati ya duka kuna cherehani cheusi cha miguu, na hicho ni cha mama mkwe wangu, mwenye duka, na kiti chake hakikaliwi na mtu mwingine hata akiwa amekwenda kujinyoosha kidogo chumbani. Kazi ikiisha, Kombo huingia stoo nyuma ya duka, mahali tunapojaza magunia ya mabaki ya vitambaa mpaka darini. Hiyo ndiyo studio yake. Wenzake hununua magodoro ya kubandika ukutani ili sauti isirudi, sisi tuna mabaki ya sare za shule za mji mzima.

Nilipoolewa katika familia ile alikuwa bado msichana mwenye redio ya kaseti mbili. Hip-hop ya mtaa wetu wakati huo ilikuwa ya kuazima. Vijana walitafuta kaseti yenye muziki mtupu wa watu wa mbali, wakaweka mistari yao juu, wakavaa suruali zinazotosha watu wawili, mambo yakawa yamekwisha. Ukisikia wimbo mmoja umesikia mtaa mzima. Kombo hakuwa na kaseti ya muziki mtupu. Alikuwa na redio yake, na kitu kimoja kilichopiga kelele kutwa nzima, yaani cherehani cha mama.

Basi akakinasa. Mama alikuwa hakubali kuacha kazi kwa ajili ya upuuzi, kwa hiyo alishona tu, na mtoto akachutama kando ameshika redio. Kisha akawa anapiga kipande kifupi upande huu wa redio, anakinasa upande wa pili, anasimamisha, anarudisha nyuma, anapiga tena, anabandika kipande juu ya kipande. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye alijaza kaseti nzima. Kidole chake cha kubonyezea kiliota sugu kabla ya kile cha sindano.

Mama alimtazama siku moja akasema, "Redio hiyo inasoma taarifa ya habari, inatangaza misiba, inafanya kazi yake. Wewe unaifundisha kushona?"

Balaa lilikuja alipoanza kukata utepe wenyewe wa kaseti ili auunge uwe duara. Aliukata kwa mkasi wa mama. Kama hujakulia kwa mafundi hutajua uzito wa jambo hilo. Mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine, si karatasi, si plastiki, si kucha. Mama alimkimbiza kuanzia dukani hadi kwenye bomba la maji, na Kombo alikuwa anakimbia huku duara la utepe limening'inia shingoni kama mkufu. Jioni aliuzungusha ule utepe kwenye penseli mbili, redio ikiwa imefunguliwa tumbo, na cherehani kikashona bila kuchoka, kikijikwaa palepale kila mzunguko. Mimi nilisema kinatia kichefuchefu. Yeye alikuwa amefumba macho.

Vijana waliupenda mdundo ule kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nao. Waliupeleka studio ya mjini. Fundi mitambo wa huko aliusikiliza akauliza nani amelewa, kisha akaukamata kwa kompyuta yake na kuupanga kila pigo mahali panapostahili. Wimbo ukatoka. Ukapigwa saluni zote, jina la Kombo likiwa halijatajwa popote. Aliusikiliza kwa mara ya kwanza akiwa amesimama mlangoni na pini midomoni. Akatoa pini moja moja.

"Wameupiga pasi," alisema.

Nilikwazika, sitaficha. "Wifi, kuna ubaya gani kitu kikinyooka?"

"Shati likinyooka linavalika. Mtu akinyooka, ameshakuwa maiti."

Nilirudi kwenye pasi yangu. Wifi akikushinda kwa maneno humjibu papo hapo, unatafuta siku.

Kisha zikaja kompyuta za mitumba, naye akajipatia moja yenye kibodi kama mdomo wa kizee, herufi moja ipo, ya pili haipo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, au yalipotengemaa, inategemea umeuliza nani. Ngoma akazitoa zote. Akaweka mkasi ukitafuna kitambaa, zipu ikipanda, vifungo vikimwagika sakafuni, na mvuke wa pasi yangu, ambao aliuchukua bila hodi. Sauti za watu alizikatakata na kuziunga upya kama anatengeneza shuka la viraka. Marapa wakaanza kumkimbia mmoja mmoja. "Sasa nitaingilia wapi?" waliuliza. Alikuwa anajibu, "Ingia mlango ukifunguka." Hawakuuona mlango. Wakaenda kuimba mapenzi, na Mungu amewajalia, wana magari. Siku hizi muziki wa namna ile unaitwa hip-hop ya majaribio, jina la heshima kabisa. Wakati ule kwetu uliitwa "Nini hicho?"

Aliyebaki ni Kinyozi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Anarap kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, habari za vichwa alivyonyoa siku hiyo, nani ana kovu na nani ameanza kuota mvi na hajui. Alijaribu midundo ya watu wengine akaona inamlaza. "Mdundo wa Kombo," aliniambia, "ni kama mteja anayegeuza kichwa wembe ukiwa shingoni. Lazima uwe macho." Mwenyewe nywele zake zilikuwa msitu, si unajua kinyozi hajinyoi.

Miaka ikaenda hivyo. Nilizoea. Kusema kweli nilifika mahali nikawa napiga pasi kwa ule mdundo, na pasi yangu ikawa inapumzika kidogo pale unapojikwaa, ila hilo sikumwambia. Simu zikawa za kila mtu, na nyimbo za stoo zikaanza kusafiri zenyewe. Watoto wa mbali wasiojua kwetu wapi walimwandikia kuuliza ngoma ile inaitwaje. Aliwajibu, "Ni cherehani." Hawakuamini. Akawa anawaambia kwamba kina mfupa uliokaa vibaya ndani, kilizaliwa hivyo, na hicho ndicho kilichomfundisha muziki. Apendaye chongo huita kengeza. Alikisifu chuma kile kuliko alivyotusifu sisi sote.

Ndipo akaja yule mama wa ukumbi. Anasimamia ukumbi wa muziki mjini, mahali penye viti vya kukunja na pazia la kweli. Alikuja na sketi ya kupunguza kiunoni, lakini macho yake yalikuwa stoo. Alisikiliza, akasikiliza tena, akasema anampa Kombo Jumamosi yake mwenyewe, jina lake mlangoni.

"Ila sitaki mtu wa kubonyeza kompyuta," alisema. "Watu hawatoki nyumbani kwao kuja kumtazama mtu anasoma barua pepe. Nataka waone kinachopiga."

"Basi nitakileta cherehani," Kombo alisema. "Nitakikanyaga mwenyewe."

Yule mama alipoondoka, wifi yangu alikaa kwenye gunia la mabaki, akanivuta mkono nikae naye. "Nimetengenezea watu muziki tangu sijaota matiti," alisema. "Hakuna siku hata moja umesimama kwa jina langu, ukiwa kama ulivyo. Nikisimama pale watu wakasema 'nini hicho', nitaamini. Nafunga stoo, nashona kola, na usinibembeleze." Sikumbembeleza. Nilimjua hatanii.

Sasa nimlete mume wangu. Ni fundi baiskeli, ana moyo wa dhahabu na kopo la mafuta mfukoni. Kitu kikilia hawezi kukipita. Nadhani hata mimi alinioa kwa sababu hiyo. Aliposikia cherehani cha mama kinapanda jukwaani alishikwa na aibu ya familia, na siku moja kabla ya onyesho, sisi wote tukiwa tumekwenda kuuangalia ukumbi na mama amelala chumbani, alikifanyia wema. Alitoa mkanda wa ngozi wa zamani ulioungwa kwa waya, akaweka mpya. Alisafisha gurudumu. Alitia mafuta kila tundu lililokubali mafuta. Tuliporudi alikuwa amesimama kando yake anangoja kushukuriwa.

Kombo alikaa kwenye kiti cha mama, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akakanyaga. Kikaenda. Kikaenda kama maji, pigo baada ya pigo, sawasawa kabisa, laini, cha kupendeza. Kwangu mimi mtu wa pasi kilikuwa kizuri mno. Wifi yangu alikuwa amekauka uso.

"Kaka. Umefanya nini?"

"Nimekitengeneza."

"Nani alikwambia kimeharibika?"

"Kilikuwa kinachechemea!"

"Huko kuchechemea ndiyo wimbo! Mkanda wa zamani uko wapi?"

Mume wangu alielekeza kidole barabarani. Mkanda alikuwa ameshaukata kipande akakaza tandiko la baiskeli ya mteja, na mteja ameshaondoka. Alitoka mbio, akapanda baiskeli ya kwanza aliyoiona, na aliporudi alikuwa amelowa jasho, mkanda mkononi, na nyuma yake mteja anakimbia akidai tandiko lake. Tuliuunga kwa waya mpya tukaurudisha. Kombo akakanyaga. Sawasawa vilevile. Tukalegeza skrubu. Sawasawa. Tukafuta mafuta. Kinyozi, ambaye alikuwa ameacha mteja na nusu ya ndevu, alisema pengine kilikuwa kimezoea uchafu, akaenda akarudi na kiganja cha nywele, akazitia kwenye gurudumu. Kikapiga chafya, kikaendelea kunyooka.

Nilimwambia atumie zile kaseti za zamani. Alitikisa kichwa. "Nimeahidi waone kinachopiga." Kisha hakulia. Afadhali angelia. Alisimama, akaenda dirishani, akachukua kola ya shule, akaanza kushona. "Nitampigia mama wa ukumbi baadaye," alisema bila kugeuka. Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni ameshika kopo lake la mafuta kama ushahidi.

Ndipo pazia la chumbani likafunguka.

"Nani amekalia kiti changu?" mama mkwe aliuliza. Kiti kilikuwa kitupu, lakini anajua mkao wa mto wake. Akasogea, akainama. "Na nywele za nani hizi kwenye cherehani changu?"

Kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Mama alitutukana kwa zamu, bila upendeleo, huku akipangusa nywele kwa upindo wa khanga. Alikuwa na foronya za mteja za kumaliza kabla ya jioni. Akavua ndala zote mbili, akakaa, akapanga kitambaa chini ya sindano, akakanyaga.

Na ule mdundo ukaingia dukani kama mtu aliyekuwa ametoka tu kwenda kununua chumvi. Ukatembea vizuri, ukajikwaa, ukaendelea. Kinyozi alishaanza kunong'ona mistari mlangoni kabla hajajua anafanya nini.

Kombo aliweka kola chini. Alikuja polepole, akapiga magoti, akachungulia chini ya meza ya cherehani. Nami nikainama. Mguu wa kulia wa mama ulikuwa kwenye kanyagio, kama miguu ya mafundi wote. Wa kushoto ulikuwa sakafuni, pekupeku, unakwenda mbele na kurudi, unasukuma kitu ambacho hakipo. Kila uliposukuma, wa kulia uliuchelewesha mdundo kidogo kumngoja mwenzake. Saruji ya pale chini ilikuwa imelika na kung'aa.

"Mama, huo mguu wa kushoto unafanya nini?"

"Mguu gani?" Mama alisimamisha kazi, akautazama kana kwamba ni wa jirani. Akakanyaga tena kujaribu, na mguu ukaenda tena. Alifikiri. Halafu akaanza kucheka, mabega yakatikisika.

"Aa! Kumbe ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe ulikuwa mtoto wa kulia, mwanangu. Kaka yako alilala kama gunia, lakini wewe nikiacha kukutikisa kidogo tu, mtaa mzima unajua. Na nguo za watu zinangoja. Nilikuweka kwenye kapu la mabaki, hapo chini, hapo ulipopiga magoti. Mguu mmoja kazini, mguu mmoja kwako. Ukatoka kwenye kapu, ukatembea, ukaenda shule, ukaniharibia mkasi wangu." Aliutazama tena mguu wake. "Mguu haukupata taarifa."

Mume wangu alijifuta uso kwa tambara la mafuta akajipaka weusi wote. Kombo alikuwa bado magotini.

"Miaka yote hii nasema ni cherehani," alisema.

"Cherehani kinajua nini?" mama alijibu, akavuta uzi.

Kumshawishi apande jukwaani kulikuwa kazi nyingine. Alikubali kwa masharti. Kwanza, cherehani hakikimbizwi bila kitambaa, kinaharibika meno, kwa hiyo atakwenda na foronya zake. Pili, mkanda mpya urudishwe kwa kuwa ni mzuri, na mwanawe ashukuriwe kwa sauti. Mume wangu alishukuriwa. Tatu, hapandi mbele za watu pekupeku kama kuku, atavaa viatu vyake vya heshima.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa watoto wenye nywele za kila rangi, na mimi nilikaa mbele nikiwa na pini tatu kwenye kola yangu, endapo chochote kitachanika. Cherehani kilikuwa katikati ya jukwaa, maiki imefungwa kwenye mguu wa meza. Jina la Kombo lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kuliko zile za chaki. Mama alikaa, akatazama juu, akasema, na maiki ikasema naye, "Taa hii ni ya mapambo tu. Mtu atatunga uzi hapa?" Watu wakacheka, wakapenda. Kombo, kwenye meza yake ya mitambo pembeni, alimpa ishara kwa kidevu.

Mama akakanyaga. Kikanyooka kama rula.

Niliuona mguu wake wa kushoto. Ulikuwa ndani ya kiatu cheusi kilichopigwa dawa, umekaa kando ya mwenzake kwa adabu, kama uko kwenye picha ya pasipoti. Mama aliona haya ya watu. Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua, hakuuona mlango. Kombo alimwaga sauti ya zipu, akamwaga mvuke wa pasi yangu, hakuna kilichoshika. Nyuma yangu mtoto mmoja alimwambia mwenzake, "Nini hicho?" Nilitamani nigeuke nimfinye.

Kombo aliiacha mitambo yake. Alizunguka cherehani mbele za watu wote, akakaa sakafuni chini ya meza ya mama, mgongo akiupa ukumbi. Akamvua mama kiatu cha kushoto, akakiweka pembeni vizuri, kisha akajisogeza karibu mpaka bega lake likagusa ule mguu.

Mama hakumtazama. Alikuwa anafuata mshono. Lakini mguu ulipohisi bega ulilisukuma, ukarudi, ukalisukuma tena, na cherehani kikajikwaa, kikaendelea, kikajikwaa. Kinyozi akaingia pale pale bila kufikiri, akinong'ona habari ya kichwa cha bibi mmoja aliyekuja kunyolewa mara ya kwanza. Ukumbi wote ukaanza kutikisa vichwa kombo. Mimi nilikuwa nalia na sikuwa na haja ya kujificha.

Foronya ya kwanza ilipokwisha mama alikata uzi kwa meno na kuingiza ya pili bila kuuacha mguu wa kushoto upumzike. Wifi yangu alikuwa anayumba kidogo pale chini kila mguu ulipomsukuma, macho amefumba, kama siku ile ya penseli mbili. Kisha mama aliinama, sindano ikiwa bado inakwenda, akachungulia chini ya meza kama anayetaka kuhakikisha kwamba mtoto amelala, na akaendelea kushona.